Vibao vya Wakubwa, Viwanja Visivyo na Majina

Katikati ya mwaka 2021, kibao kimoja cha barabara kule Kileleshwa kiliishi maisha mafupi na ya taabu. Barabara yenyewe ilijulikana kama Dik Dik. Wenye mji wakaamua, na ghafla ikawa Francis Atwoli Road, kwa heshima ya katibu mkuu wa COTU, mtu aliyekuwa hai, kazini, na anayesikika bila maikrofoni. Kibao kikang'olewa. Kikarudishwa. Kikachomwa moto. Huku mtandaoni tukacheka mpaka mbavu zikauma, tukasambaziana picha za kibao kikiwa chini, kisha tukahamia kituko kingine.

Vicheko vilikuwa vitamu, siwezi kukataa. Ila katikati ya kelele hizo swali lilipotea: waliobadilisha jina walimuuliza nani? Anayechoma mali ya umma usiku anavunja sheria, sawa, apelekwe kortini. Lakini mji uliowaachia wakaazi wake njia mbili tu za kutoa maoni kuhusu majina, yaani kunyamaza ama kiberiti, una shida ambayo haiponi kwa kukilehemu kibao upya kwa vyuma vizito.

Utaratibu wenyewe unaujua hata kama hujawahi kualikwa. Kuna ukuta mdogo wenye jiwe. Juu ya jiwe kuna pazia, na kwenye pazia kuna kamba. Mheshimiwa anavuta, wapambe wanapiga makofi, jina la bustani linatokea kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi zinazokaribia kulingana nazo, jina la aliyevuta kamba. Ukitaka kujua nani hasa ameheshimiwa siku hiyo, chukua rula upime herufi.

Tabia hii ni ya zamani kuliko kaunti zetu. Wakoloni walipopanga Nairobi walijipa mji mzima: Delamere Avenue, Hardinge Street, Sadler Street, Stewart Street, Queensway, Victoria Street, Government Road. Uhuru ulipokuja vikang'oka, na vilistahili kung'oka. Sanamu ya Delamere ilishushwa ikapelekwa shambani kwa familia yake Soysambu, na sijasikia mtu yeyote tao akiililia. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge ikawa Kimathi, Sadler ikawa Koinange, Stewart ikawa Muindi Mbingu, Queensway ikawa Mama Ngina, Victoria ikawa Tom Mboya. Hata hospitali ya King George ikawa Kenyatta. Baadaye Government Road ikawa Moi Avenue, ingawa hapo sina hakika kama jina lilibadilika kweli, maana kwa miaka ile serikali na Moi vilikuwa kitu kimoja.

Walibadilisha majina lakini mashine ya kutoa majina wakaiacha vilevile. Ofisini kwa mkubwa ndiko jina lilikotoka enzi za gavana wa Kiingereza, na ofisini kwa mkubwa ndiko lilikoendelea kutoka. Ndiyo maana ramani ya katikati ya mji inasoma kama orodha ya waalikwa wa State House. Na pale ilipomtaja mtu ambaye hakuwa mgeni wa State House, ilimtaja kwa masharti. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Akapewa barabara nzuri katikati ya tao, yenye mahoteli na mabenki, huku Mau Mau, jeshi aliloliongoza, likiendelea kuwa haramu kisheria mpaka 2003. Fikiria hilo. Kwa miaka mingi ungeweza kunywa kahawa Kimathi Street lakini huwezi kusajili chama cha wapiganaji wa Kimathi. Sanamu yake ilisimama 2007, nusu karne baada ya kitanzi. Jina lilimfanyia kazi nani wakati huo wote? Si mjane wake, aliyekuwa akiomba kuonyeshwa kaburi la mumewe.

Na Mboya je? Alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka dukani kwenye Government Road. Barabara alipoanguka leo inabeba jina la Moi. Yeye amepewa ile ya nyuma, Tom Mboya Street, tunakosukumana na mikokoteni na matatu. Sanamu yake ilingoja mpaka 2011.

Halafu kuna Nyayo, jina ambalo ni somo zima. Kwa Kiswahili cha kawaida nyayo ni alama za miguu, na enzi za Moi tuliambiwa tuzifuate. Kukawa na Nyayo Stadium, mabasi ya Nyayo, mashamba ya chai ya Nyayo, hata gari la Nyayo Pioneer la mwaka 1990. Na kukawa na Nyayo House, ambako chini kabisa ya jengo watu walifungiwa kwenye vyumba vya giza na maji, wakateswa kwa sababu ya kijikaratasi ama mhadhara. Kijana wa miaka 20 leo anapanga foleni Nyayo House kuchukua pasipoti. Jina liko mlangoni kwa herufi kubwa. Yaliyotendeka chini ya viatu vyake hakuna herufi inayoyataja pale anaposimama. Hivyo ndivyo jina kutoka juu linavyofanya kazi: linasema jambo moja kwa sauti kubwa ili mengine yasisikike.

Uwanja wa Nyayo nao ulipitia kichekesho chake. Mwaka 2009 kampuni ya Coca-Cola ililipia haki ya jina, ikawa tunaambiwa uwanja sasa ni Coca-Cola National Stadium. Serikali ikataka neno Nyayo libaki ndani ya jina jipya, kampuni haikutaka, mkataba ukafa. Mashabiki waliokuwa wakipanda matatu kwenda kuangalia mechi hawakuulizwa lolote, na hawakubadilisha lolote. Konda aliita "Nyayo, Nyayo" kabla ya mkataba, wakati wa mkataba na baada ya mkataba.

Nataka nikae kidogo kwenye barabara moja fupi karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Inaitwa Harry Thuku Road na inapita mbele ya hoteli ya Norfolk. Machi 1922 Thuku alikamatwa kwa kupinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa, na umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Viongozi wanaume wakaingia kuzungumza na serikali, wakatoka na maneno ya kutuliza: nendeni nyumbani, mambo yatashughulikiwa. Watu wakaanza kugeuka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza, akainua nguo zake, akawaambia wanaume wampe suruali zao kama wameshindwa na kazi ya kuzivaa. Kwa Waagikuyu, mama kujivua mbele yako ni laana ambayo hutaki ikupate. Umati ukageuka tena, ukasukuma mbele. Askari wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao, kwa masimulizi ya siku ile, wakafyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Zaidi ya watu 20 walikufa kwa hesabu ya serikali, na waliokuwepo walisema ni wengi zaidi ya hapo.

Thuku alipelekwa kizuizini, akarudi miaka kadhaa baadaye, akalegea, akawa rafiki wa serikali ileile, akapinga Mau Mau, akafa mkulima tajiri mwaka 1970. Ana barabara. Nyanjiru alikufa palepale kwenye lami, enzi hizo vumbi, na jina lake halimo kwenye kibao cha barabara hiyo. Simwonei Thuku wivu. Alichokianza 1921 kilikuwa kikubwa. Ninachouliza ni kwamba kama wauza maua, wanafunzi na walinzi wanaopita pale kila siku wangesimuliwa hadithi yote kisha wakaulizwa wataje jina moja, wangetaja la nani?

Kwa habari ya wanawake, mji wetu umejaa kina mama, ila angalia ni kina mama gani. Mama Ngina Street, mke wa rais. Mama Lucy Kibaki Hospital, mke wa rais. Mama Margaret Uhuru Hospital kule Korogocho, mke wa rais. Kule Mombasa, Mama Ngina Waterfront, iliyozinduliwa kwa shangwe Siku ya Mashujaa 2019, na mpaka leo ukimwambia tuktuk akupeleke "Lighthouse" atakufikisha palepale bila kukuuliza swali. Sina ugomvi na mama hawa. Lakini inaonekana njia ya uhakika ya mwanamke kuandikwa kwenye ukuta wa umma Kenya ni kuolewa na anayemiliki kamba ya pazia. Wangari Maathai ndiye aliyepenya kwa mlango mwingine. Alipata Forest Road miaka mitano baada ya kufa, na kufika hapo ilibidi kwanza apigwe na askari, atukanwe bungeni na ashinde tuzo ya Nobel.

Sasa panda matatu yoyote usikie nani hasa anayeutaja mji huu. Konda ananing'inia mlangoni: Odeon, OTC, Koja, Allsops. Odeon ilikuwa sinema. OTC ilikuwa kampuni ya mabasi, ilikufa zamani. Allsops ilikuwa kiwanda cha bia. Koja ni Khoja, kwa sababu ya msikiti wa Waismailia, ukaingia kwenye ulimi wetu ukatoka umepoteza h. Makampuni yamefilisika, majengo yamegeuzwa, lakini majina yanaendelea kubeba watu kazini kila asubuhi. Hakuna aliyeyapigia kura rasmi. Yalipigiwa kura kwa kutumiwa, mara elfu kwa siku, na yale yasiyofaa yakadondoka njiani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kamukunji. Ni uwanja wa vumbi karibu na Gikomba na Shauri Moyo. Pale ndipo walipokusudia kukutana tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, kudai vyama vingi, na serikali ikawakamata Matiba na Rubia mapema ili mkutano usifanyike. Watu wakaenda hivyo hivyo, wakakutana na virungu na risasi. Leo uliza mwanafunzi yeyote wa chuo maana ya kamukunji. Atakuambia ni mkutano: tunaitisha kamukunji saa kumi, mje na barua zenu. Jina la mahali limegeuka nomino ya kawaida, linaandikwa kwa herufi ndogo. Nionyeshe kibao kimoja cha mheshimiwa kilichowahi kufanya hivyo. Hakuna mtu anayesema "tukafanye kakenyatta."

Kariakor pia. Jina lile ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Waafrika kwa makumi ya maelfu walikufa wakibeba risasi na unga wa wazungu waliokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Wengi waliuawa na magonjwa na njaa kuliko bunduki, na wengi hawakuandikwa popote. Serikali iliwajengea sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, ambayo watu wanapita wakidhani ni pambo. Ukumbusho unaofanya kazi ni soko. Mtu anasema anaenda Kariakor kununua kiondo ama nyama choma, na bila kujua anawataja wapagazi.

Lakini tusidanganyane kwamba mtaa hutakasa kila kitu. Waulize mafundi wa magari wapi pa kupata gia ya mitumba, watakuambia Grogan. Kibao kinasema Kirinyaga Road. Ewart Grogan ndiye yule aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya korti ya Nairobi mwaka 1907, na leo jina lake liko midomoni mwa wajukuu wa waliochapwa, wakilitumia kumaanisha bampa na saidmira. Sijui kama hiyo ni aibu au ni kisasi kizuri kuliko vyote. Kuna siku naona hivi, kuna siku naona vile. Ninachojua ni kwamba agizo la ofisi halikuweza kulifuta, na kama tunataka lifutike, itabidi kwanza mtu aende akae na mafundi.

Kuna watakaosema: takataka hazijazolewa, maji hayapo, mtoto wa chekechea anatembea kando ya mtaro wa maji machafu, nawe unatuletea habari za majina? Haya, tufike huko kwenye uchungu.

Mwaka 1989 chama cha KANU, kupitia shirika la gazeti lake la Kenya Times, kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaandika barua kwa kila mtu mwenye masikio. Wabunge wakamcheka, wakamwita mwanamke aliyeachika, rais mwenyewe akasema mwanamke mwenye adabu huheshimu wanaume. Soma hoja za kipindi hicho uone jina lilivyofanya kazi. Bustani ilifunguliwa na Kenyatta mwaka 1969 kwa jina la Uhuru. Mtu angesimamaje kwenye jukwaa, kwa mdomo mkavu, aseme tunafukia Uhuru ili tujenge ofisi za chama? Wawekezaji wakaona aibu, mradi ukafa. Miaka mitatu baadaye akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakaja wakakaa na njaa kwenye kona ya bustani hiyohiyo, wakapigwa, wakavua nguo kama Nyanjiru. Ile kona wakaiita Freedom Corner. Hakuna kamati iliyokaa kuidhinisha.

Jeevanjee Gardens ni hivyo hivyo. Mwaka 1991 wakubwa walitaka kuigeuza maegesho ya magari ya ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa Alibhai Mulla Jeevanjee, akasimama akasema babu yangu aliitoa ardhi hii kwa watu wa Nairobi. Jina la bustani lilikuwa ndilo ushahidi wake. Lingekuwa limeandikwa "ploti" kwenye midomo ya watu, angeanza kueleza kutoka wapi?

Sasa linganisha na Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road waliporudi kutoka likizo wakakuta ukuta katikati ya uwanja wao wa kuchezea. Wakausukuma ukuta ukaanguka, na polisi wakawarushia vitoa machozi, watoto wenye sare na kaptura. Dunia nzima iliona picha. Kiwanja kilirudi kwa sababu ya picha zile na kwa sababu watoto walikohoa mbele ya kamera. Viwanja vingine vyote vilivyoondoka kimyakimya, bila kamera, nani anavikumbuka? Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilijaa bustani, viwanja vya shule, hata makaburi, yaliyogawanywa kama njugu.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kwenye mitaa ya Eastlands kuna nafasi nyingi ambazo kwenye mchoro wa zamani ziliachwa wazi kwa ajili ya watu. Kwenye faili ni namba. Kwenye mdomo wa mtaa ni "pale nyuma ya kanisa", "kwa field", "pale kwa choo". Watoto wanacheza hapo miaka 30. Kisha asubuhi moja mabati yanasimama kuzunguka, na kibao cha kwanza ambacho kiwanja kimewahi kupata maishani mwake ni kile kilichoandikwa kwa brashi na rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Ukienda kulalamika kwa ofisi unaulizwa: uwanja gani? Jina lake ni nani? Uko wapi kwenye orodha? Mzee, haupo. Utasemaje kimeibwa kitu ambacho mji haujawahi kukitaja?

Jina peke yake halizuii tingatinga, najua. City Park ina jina, ina makaburi ya Pio Gama Pinto na Joseph Murumbi ndani yake, na bado imemegwa pembezoni. Lakini jina lililoandikwa kwenye rejista ya kaunti, pamoja na mipaka na sababu yake, linampa mwizi kazi ya ziada na linampa mlalamishi pa kuanzia. Ndiyo maana inaniuma kuona nguvu zote za kutoa majina zikitumiwa kwa barabara na bustani ambazo tayari zilikuwa na majina. Mazingira Park kando ya mto Nairobi ikawa John Michuki Memorial Park mwaka 2020. Nampa Michuki haki yake: akiwa waziri alisukuma kusafishwa kwa mto ule wakati wengine walikuwa wakiukimbia kwa harufu, na kabla ya hapo alitufunga mikanda kwenye matatu. Huenda watu wangeulizwa wangekubali. Shida ni hilo neno "huenda". Mto uleule, ukiufuata kuelekea chini mpaka Korogocho, utakuta vijana wa Komb Green walioizoa taka kwa mikono wakapanda miti na nyasi kwenye ukingo uliokuwa jaa na pango la majambazi. Waliiita People's Park. Hakuna pazia. Dandora kuna ua uitwao Mustard Seed, uliosafishwa na vijana wa hapo hapo, na jina walichagua wenyewe. Kaunti ingekuwa na akili ingeenda na kalamu, iandike majina haya kama yalivyo, ipige muhuri, irudi ofisini.

Sheria haina tatizo. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti bustani na maeneo ya burudani. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kama msingi wa utawala, na cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kuufanya. Tunachofanya badala yake kinaitwa ushirikishwaji kwa jina tu. Tangazo dogo gazetini, herufi za kutafuta kwa miwani, kuitisha maoni kwenye ukumbi wa mjini siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Nani ana Jumanne saa nne asubuhi? Mama mboga hana, dere hana, mwanafunzi hana. Wanaokuja ni walewale kumi, wanapewa maji ya chupa, wanasaini karatasi, na karatasi inakuwa sauti ya watu milioni nne na zaidi.

Ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku kwanza jina la mtu aliye hai. Yeyote. Hata mtakatifu. Mtu akishakufa akae kaburini miaka kumi tuone kama bado tunamkumbuka bila kulipwa. Kisha ningetaka swali liulizwe mahali penyewe, jioni, watu wakiwa wametoka kazini: ubao ubandikwe kwenye lango la bustani mwezi mzima, majina yapendekezwe na sababu zake zisomwe kwa Kiswahili na kwa lugha za mtaa, kina mama wa vibanda, wachezaji, wazee wa drafti, na wale wanaolala kwenye benchi pia, kwa sababu wanaijua bustani usiku kuliko mpangaji mji yeyote. Mtaogopa kwamba vijana watachagua jina la mzaha. Inawezekana. Sehemu ya Mathare inaitwa Kosovo. Hakuna mtu aliyedhurika, na kila mwenye boda anajua pa kwenda. Mzaha wa mtaa naweza kuishi nao kuliko uzito wa mheshimiwa.

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walipigwa risasi karibu na Bunge. Tarehe 7 Julai mwaka huo umati ulikusanyika Uhuru Park kwenye tamasha la kuwakumbuka, wakasomewa majina yao. Itafika siku, nina hakika, mheshimiwa fulani atataka kura zetu, ataleta pazia na kamba, na atabandika neno tamu la mashujaa kwenye mzunguko wa barabara bila kumuuliza mzazi hata mmoja. Ukuta utapendeza. Kamera zitakuwepo. Kesi za wauaji, kama ilivyokuwa kwa kaburi la Kimathi, zitabaki mahali pengine, pasipo kibao. Napendekeza tufike kabla yake.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 88, inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Ombi huandikwa kwa karani wa bunge la kaunti, na bunge la Nairobi liko palepale City Hall. Huhitaji wakili. Andika kwa Kiswahili, ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7. Taja kiwanja kilipo: kati ya kanisa lipi na duka lipi, kimeanza kutumiwa lini, nani anacheza hapo Jumamosi, misiba ya nani imechangiwa chini ya mti upi. Piga picha kabla ya mabati. Kisha andika jina, lile ambalo watoto wa hapo tayari wanaliita, hata kama ni "Kwa Choo", na uwaache madiwani wakuambie kwenye rekodi rasmi kwa nini hawalitaki.